Saa Laki Moja na Sitini Elfu

Jumapili, kiwanda cha mafuta ya alizeti, Kizota.
Tanuri limezimwa tangu Ijumaa,
lakini ukisogeza kiganja kwenye bomba la mvuke
utasikia joto bado lipo,
kama mgeni aliyeaga mara tatu na hajainuka.

Navua bati, navua sufi ya kioo,
nasugua chuma kwa msasa:
themanini, mia mbili arobaini, mia sita, elfu,
kisha kitambaa na unga wa almasi,
mpaka kipande kisichozidi sarafu
kinionyeshe pua yangu ilivyojaa vumbi la Dodoma.
Tone la tindikali. Nahesabu hadi kumi na tano.
Utando mwembamba, umelainishwa kwa asetoni,
naukandamiza kwa dole gumba
kama mtu anayetia dole kwenye hati ya mkopo.

Ndahani, mwendesha boila, amekalia ndoo ya rangi.
"Hilo bomba halijawahi kuvuja," anasema.
"Hata jasho.
Nimekesha nalo usiku mwingi
kuliko niliolala kwangu."

Simjibu. Nazungusha utepe.
Mzingo umeongezeka milimita tisa tangu lilipofungwa.
Chuma hakikui, Ndahani.
Ukiona kimenenepa, kinaondoka.

Waliolifua walitia krome, wakatia molibdeni kidogo,
ili likae kwenye nyuzi mia tano arobaini,
mvuke ukilisukuma kwa ndani mchana na usiku,
na lisilegee.
Hawakusema milele.
Walisema saa laki moja, wakaandika,
na karatasi ipo, panya wameila pembe.

Naweka utando chini ya hadubini.
Zamani mle ndani palikuwa na chembe ngumu, ndogo mno,
zimetawanyika kama watoto wanaoamia ndege
katika shamba la uwele,
kila mmoja na kombeo lake, kila mmoja na upande wake.
Joto halikuwafukuza.
Liliwaita tu, polepole, mwaka hadi mwaka,
waje wakae pamoja.
Sasa ni wachache, wanono,
wamekusanyika pembeni wanapiga soga,
na shamba liko wazi.

Kwenye mipaka ya punje, vitundu.
Kimoja.
Kingine, mbali kidogo.
Halafu vitano, vimepangana
kama ndoo kisimani mwezi wa kumi.

"Njoo uone."
Anavua kofia, anafumba jicho ambalo halihitaji kufumbwa,
nalisubiri jicho lingine lizoee.
Kimya chake kinakuwa kirefu.

"Bibi yangu, kule Mvumi," anasema bila kuinua kichwa,
"alikuwa na tembe. Udongo juu, boriti chini yake.
Kila mwaka boriti ilishuka kidogo.
Hakuna aliyeiona ikishuka.
Tuliona tu kwamba baba anainama kuingia,
tukadhani baba amerefuka.
Ikaanguka mwezi wa nane.
Hapakuwa na mvua. Hapakuwa na upepo.
Hata mbuzi hawakuwa juu."

Nasubiri aendelee. Haendelei.

Meneja anapiga simu.
Magunia kutoka Kongwa yamefika mpaka getini,
anaomba msimu mmoja,
mmoja tu, dada Sechelela, bomba si linafanya kazi?
Linafanya kazi.
Hilo ndilo neno gumu kuliko yote kumweleza mtu:
linafanya kazi, na limekwisha.

Naandika: libadilishwe. Tanuri lisiwashwe.
Nafuta "tafadhali". Natia sahihi, tarehe,
namba ya kiungo, idadi ya saa.

Nikigeuka, Ndahani amesimama.
Anaichukua ndoo yake, hasemi neno,
anahesabu hatua saba kutoka kwenye bomba,
anaiweka chini,
anakaa.